Jinsi ya kubandua mfuko wa stoma bila kuumiza ngozi

Hamjambo, karibuni. Leo tunabandua mfuko wa stoma, yaani ule unaobandikwa tumboni juu ya tundu lililofunguliwa kwa upasuaji ili kupokea kinyesi au mkojo. Nao umeshika kwelikweli, ule ambao ukiuvuta, ngozi nayo inataka kuja. Nasema kubandua, si kunyofoa. Mimi mwanzoni niliunyofoa kama plasta, chap, maumivu yaishe mara moja. Nikabaki na ngozi nyekundu inayotoa majimaji, na ngozi yenye majimaji haishiki gundi. Mfuko mpya ukavuja kabla ya jioni, nikalazimika kunyofoa tena palepale penye kidonda.

Kwanza weka vitu karibu: maji ya uvuguvugu, shashi au vitambaa laini vikavu, mfuko wa plastiki wa taka, mfuko mpya wa stoma ulioshakatwa tundu, na dawa ya kulegeza gundi kama unayo. Usianze halafu ukumbuke taulo liko chumba kingine. Stoma haina msuli wa kubana. Ikitaka kutoa, inatoa. Ndiyo maana wengi wetu tunaifanya kazi hii asubuhi, kabla ya kula au kunywa chochote, maana saa hizo inatoa kidogo.

Mfuko wako ukiwa wa kufunguka chini, mwaga kilichomo. Mfuko mzito unavuta ngozi hata kabla hujaugusa. Sasa simama wima, au lala chali, tumbo linyooke na mikunjo ifunguke. Chomeka taulo kiunoni chini ya mfuko.

Tazama hapa, ukingo wa juu wa kibandiko, ile sehemu yenye gundi inayoshika ngozi. Tunaanzia huku, tunashuka. Ukianzia chini, kitakachotoka kitakumwagikia. Ukianzia juu, mfuko unakipokea.

Puliza dawa kidogo kwenye ukingo, subiri sekunde chache iingie. Yenye silikoni naipenda zaidi: haichomi, na inakauka yenyewe haraka. Yenye spiriti itakutoa machozi kama ngozi imechubuka. Yenye mafuta inalegeza vizuri, lakini inaacha utelezi, lazima uoshe mpaka uishe. Huna dawa? Kandamiza ukingo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika moja au mbili, au fanya kazi hii bafuni huku maji yakikutiririkia. Petroli, na kile kimiminika cha kufutia rangi ya kucha, tafadhali, usithubutu.

Haya, sasa sogea karibu na skrini yako, hapa ndipo penyewe. Mkono wangu wa kulia umeshika pembe ya kibandiko, ila hauvuti. Umeshika tu. Kazi inafanywa na wa kushoto: vidole viwili nimevilaza kwenye ngozi, palepale gundi inapoachana nayo, navyo vinaisukuma ngozi chini, iondoke kwenye gundi. Umeona? Mfuko hautoki kwenye ngozi; ngozi ndiyo inayotoka kwenye mfuko. Kadiri kibandiko kinavyoachia, nakikunja kirudi nyuma juu ya chenyewe, kikilala karibu na tumbo. Ukikiinua wima kuelekea kwako, ngozi inainuka nacho kama hema, na hapo ndipo inapochanika. Kisha vidole vinahama, vinafuata mstari wa gundi. Sentimita moja, pumzika, sentimita nyingine.

Ukifika mahali pamegoma, usishindane napo. Puliza tena, nenda upande mwingine, urudi baadaye. Mara nyingi shida ni nywele. Bandua ukifuata zinakolalia, na siku nyingine zipunguze kwa mashine ya umeme, ukitoka kwenye stoma kwenda nje.

Kimetoka. Usikitupe bado, kiweke pembeni.

Vipande vya gundi vilivyobaki vibingirishe kwa shashi kavu kabla ya kugusa maji, vinatoka kirahisi zaidi vikiwa vikavu. Kucha hapana. Kisha osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa. Vitambaa vyenye unyevu vya watoto wachanga viache. Mafuta na manukato yake yatauzuia mfuko mpya kushika. Damu kidogo juu ya stoma unapoifuta isikutishe, ina mishipa midogo mingi na haina hisia ya maumivu. Ngozi inayoizunguka ndiyo inayouma.

Kagua ngozi. Wekundu unaofifia ndani ya dakika chache ni wa kawaida. Usiofifia, au ngozi iliyochubuka na kulowa, mwonyeshe muuguzi wa stoma. Stoma ikigeuka zambarau iliyokolea au nyeusi, au damu ikikataa kukata, hapo ni hospitali, saa hiyohiyo.

Wenye mifuko ya vipande viwili, ninyi mna nafuu: badilisheni mfuko, kibandiko mkiache siku zake, isipokuwa kikivuja au ngozi ikiwasha.

Sasa chukua kibandiko tulichoweka pembeni, ukigeuze uone mgongo wake. Gundi ikiwa imelika upande mmoja, majimaji yalipita hapo. Ikiwa ni upande uleule kila mara, tafuta mkunjo wa ngozi mahali hapo, kisha pima stoma upya, hasa katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, maana huwa inapungua. Tundu liizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu.