Mpe Kitu Mkononi Kwanza

Asanteni, kaeni, na nyie wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Nimepewa nusu saa tu, na wengi wenu mshanisikia nikilisema hili, nitalisema tena leo: mtu mwenye majonzi ukimkalisha ukamwambia "haya ongea", mara nyingi haongei. Sio mkaidi jamani, maneno hana. Mpe kitu mkononi kwanza, mkaa achore au udongo afinyange, ndiyo hii wanaita tiba ya sanaa.

Nasikia pale mtu anaguna eti "mimi sijui kuchora". Nani kakwambia uchore vizuri? Hapa hatufungui duka la picha!

Kuna kijana wa bodaboda, jina lake nabaki nalo mwenyewe, aliletwa na mama yake kwenye kikundi chetu kule Tanga. Alipata ajali, abiria wake akafariki pale pale, yeye akatoka na mkono uliovunjika. Mkono ukapona, yeye hakupona, halali, chakula hagusi, pikipiki hataki hata kuisikia. Wiki tatu anakuja anakaa kona, salamu tu basi. Vifaa vyetu ni mkaa wa jikoni na yale makaratasi ya ndani ya mifuko ya simenti, tunakung'uta vumbi tunakata. Anachukua mkaa anapiga mistari. Mistari tu, anakandamiza mpaka karatasi inachanika, anaomba nyingine. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia "mwanangu, si uchore hata mti". Nikamwomba mzee amuache, maana hapo ndipo tunapoharibu, tunataka picha tunayoielewa sisi wakati yule bado anahangaika na lake.

Wiki ya tano kachora mistari miwili inakwenda sambamba, na pembeni kitu kidogo kama punje ya choroko. Sikumuuliza hiki nini. Nilimwambia ukitaka kunipa habari ya picha yako nipo, nikaendelea kugawa uji. Baadaye kanifuata na karatasi yake, akasema "hii ndio ile barabara, na hiki kiatu chake." Kiatu cha abiria, kilibaki kwenye lami. Habari ya kiatu hakuna aliyekuwa anaijua, hata mama yake mzazi. Siku ile aliongea mpaka uji ukapoa. Sitawadanganya, usingizi uliendelea kumsumbua, na hospitali alienda na anaenda mpaka leo, ila mdomo ulifunguka, daktari akapata pa kuanzia.

Mtaniambia mambo ya wazungu haya. Ni kweli jina la tiba ya sanaa lilitokea Uingereza mwaka 1942, kwa msanii Adrian Hill, aliugua kifua kikuu akawa anachora akiwa amelazwa, akawavuta na wagonjwa wenzake. Sawa. Lakini bibi yako akifikwa na jambo zito alishika nini kama sio ukili? Na mama yako alivyokesha anafuma vitambaa vya makochi, kwani nyumba ilikuwa na makochi mangapi? Haya kanga je? Mwanamke ana jambo hawezi kumtamkia mume wala jirani, anaenda dukani anasoma maneno ya kanga moja moja mpaka anaipata ile iliyobeba jambo lake, anajifunga, anapita nayo mlangoni kwa mhusika. Keshasema, na mdomo hajafungua. Sasa hilo tulifundishwa na mzungu gani?

Halafu turudi kwa huyu asiyejua kuchora. Chuo kikuu cha Drexel kule Marekani walitoa utafiti 2016, watu wazima 39 walipewa dakika 45 za kuchora, kufinyanga udongo au kubandika vipande vya karatasi, wakapimwa kotisoli, ile homoni ya msongo. Kwa kama robo tatu yao ilishuka, na mzoefu na asiye mzoefu hawakutofautiana. Robo haikushuka, ndio maana siwauzii hii kama dawa ya kila mtu.

Naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Mtoto usimsifie sana picha, akizoea sifa atachora cha kukufurahisha wewe. Mwenye hasira mpe udongo aupige, karatasi haimtoshi. Gundi msinunue, uji wa ngano unabandika magazeti vizuri tu. Na tafadhali sana, picha ya mtu usiibandike ukutani wala kuiweka stetasi bila ruhusa yake, kakuamini yule! La wafiwa nilitaka kulisema kwa urefu, halitatosha leo.

Mkaa uko kwenye sinia pale, karatasi anagawa dada. Simu zima, dakika ishirini, na usimchungulie jirani yako.