Nani Kauinua Huo Mkono? Mazungumzo ya akili na mwili

Assalaam alaykum, habari za jioni wazee wangu, mama zangu na nyinyi vijana mliojazana pale mlangoni, ingieni bwana viti vipo. Projekta imekataa kuwaka kwa hivyo leo ni mdomo tu. Haya, hebu kila mtu ainue mkono wa kulia. Hata wewe mzee wangu. Sawa, shusheni. Sasa ni nini kilichouinua? Mtaniambia misuli, misuli imeamrishwa na neva, neva na ubongo, mpaka hapo hatugombani. Lakini wewe uliamua, sindio? Huko kuamua kuna uzito gani? Kumekaa wapi?

Aliyeliuliza hili swali vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni msichana wa miaka 24. Elisabeth wa Bohemia, Ucheki ya leo, babake alipoteza ufalme wakawa wanaishi uhamishoni Uholanzi. Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa, 1641 alitoa kitabu akadai kuna vitu aina mbili: akili, ambayo yafikiri lakini haina urefu wala upana, na mwili, ambao una urefu na upana lakini haufikiri. Mei 1643 Elisabeth akamwandikia barua, kwa adabu zote, akamuuliza basi roho, yaani hiyo akili, isiyo na umbo yausukumaje mwili, maana kusukuma ni mpaka kugusana, na kisicho na umbo kitagusa na nini? Descartes akazunguka weee, akaleta mfano wa uzito, ati mbona uzito hulipeleka jiwe chini bila kulisukuma, binti hakuridhika, akamjibu kuwa yeye aona rahisi zaidi kukubali kwamba roho nayo ina umbo kuliko kukubali hilo la kusukuma. Ukisoma hizo barua waona kabisa mzee alibanwa. 1649 akasema roho hufanya kazi yake kwenye kitezi kidogo katikati ya ubongo, lakini hapo katutajia mtaa tu, swali lilikuwa vipi si wapi.

Na msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1037, aliwaambia watu wafikirie mtu aliyeumbwa hewani, haoni, hasikii, vidole havigusani, hajui hata kama ana mwili. Je, atajua kwamba yupo? Atajua, asema Ibn Sina, kwa hivyo nafsi si mwili. Mfano mtamu sana lakini mimi una mahali wanikwama, kutojua kama una mkono si sawa na kutokuwa na mkono.

Wako waliokata upande mmoja kabisa. Berkeley, askofu wa Ireland, 1710 akasema hakuna maada, kuna akili na mawazo yake basi. Wengine wakakata upande wa pili, akili ndiyo ubongo wenyewe, mwanafalsafa mmoja Mwingereza, jina lake Place, aliandika hivyo 1956, na hawa wana ushahidi mzito. 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtarimbo ukaingia shavuni ukatokea utosini, akapona, lakini waliomjua wakasema huyu si Gage tena, amekuwa mtu wa matusi na hashikiki. Chuma kimeigusa tabia! Elisabeth angefurahi.

Lakini sasa chukua kiazi karai, chovya kwenye ukwaju, tia mdomoni. Ule ukali unaokufanya ufumbe jicho moja, daktari akikufungua kichwa ataona damu, mafuta na umeme unapita, ukali wenyewe hauoni. Mwanafalsafa wa Australia, David Chalmers, 1995 aliliita hilo tatizo gumu, kwa nini hiyo kazi yote ya ubongo iambatane na kuhisi chochote. Mwaka 1998 yeye na mwanasayansi Christof Koch walipigana dau, Koch akisema kwa miaka 25 tutakuwa tumejua ubongo waleta fahamu vipi, na 2023 Koch akakubali kashindwa akalipa kreti ya mvinyo, astaghfirullah, wangewekeana halua.

Kijana wa fulana nyekundu wauliza kama komputa inayoongea ina akili. Swali zuri, na jibu lategemea umekaa kambi gani. Place atakwambia haina ubongo, imeisha. Descartes pia hapana. Lakini kuna kambi ya Putnam, mwanafalsafa wa Marekani, ya miaka ya 1960, wao wasema akili ni kazi inayofanywa, si kitu kilichoifanya, kama pesa: ikiwa noti, ikiwa sarafu, ikiwa M-Pesa, bora inunue unga. Kwa hao komputa yaweza kuwa na akili siku moja, hakuna linalozuia. Mimi kwenye kuamua na kukumbuka niko na Putnam, kwenye ukwaju simo, kwa sababu mashine yaweza kusema “kali hii!” kila ikichovywa na ndani pawe patupu. Wacheka, lakini na wewe utajuaje kama mimi ndani si patupu? Mpeni maiki yule mama, amenyanyuka kitambo, naona hakubaliani na mimi hata kidogo.