Yai bila ganda, tuone utando wa seli unavyofanya kazi

Haya jamani, hamjambo? Leo twataka mayai matatu, siki nyeupe, glasi, na shira, ile ile ya kaimati ila iwe nzito na iwe imepoa. Yatie mayai kwenye siki mpaka yafunikwe, ngoja siku mbili, siki uibadilishe mara moja. Vipovu hivyo ni kaboni dayoksaidi, siki yala chokaa ya ganda. Basi, hapo hamna kazi.

Kazi iko kwa kuosha. Lisugue kwa kidole gumba chini ya maji ya bomba POLEPOLE, mie juzi nilijifanya fundi nikalibana kama ndimu likanipasukia mpaka kwa buibui, ndio maana nikasema matatu. Ngoja... kioo cha kamera kina ukungu, nipanguse... eeh. Polepole, nimesema?

Liangalieni, kiini chaonekana ndani. Kusema kweli ngozi hii si utando wa seli wenyewe, ule mwembamba unaoizunguka kila seli, ni nyuzi za protini, ila yachuja hivyo hivyo, maji yapita, protini kubwa zabaki. Utando wenyewe huuoni kwa macho, unene wake nanomita 7 mpaka 10 hivi (nanomita ni milimita uliyoigawa mara milioni), tabaka mbili za mafuta, vichwa vinavyopenda maji viko nje na ndani, mikia inayoyakimbia imejificha kati. Watoto wa tuisheni huwaambia fikirieni kivuko cha Likoni, Mombasa. Oksijeni ni kunguru, yaruka tu ng'ambo haiulizi mtu. Glukosi ni gari, bila feri haivuki, na feri ndio protini zilizopachikwa utandoni. Maji nayo yana vichochoro vyake, akwaporini, Peter Agre alipewa Nobeli 2003 kwa kuvigundua. Halafu kuna pampu, hiyo naipenda mno, nayo ni protini ya utandoni, yatoa chembe za sodiamu 3 nje ya seli yaingiza za potasiamu 2, na haifanyi bure, yala nishati. (Noti za Form Wani ninazo, njooni inbox.)

Haya, moja kwenye maji matupu, moja kwenye shira. Hapa nimekata, sasa ni kesho yake asubuhi.

La shira limesinyaa kama embe la achari, maji yamelikimbia yakafuata sukari. La maji limefura, ona lilivyojaa! Hili usilinyanyue kwa vidole, tumia kijiko, narudia, kijiko, hivi, unaliingiza chini tara...

Aah. Simu imelowa. Lile la tatu liko wapi?