Lepe la usingizi: asumini, chetezo na kahawa ya baada ya isha

SWALEH: Assalaam aleykum wasikilizaji wetu. Hiyo sauti mnayoisikia ni shangazi anachokora makaa kwenye chetezo. Nilimuomba asubiri tumalize kurekodi.

BI ZUHURA: Waaleykum salaam. Kaa halisubiri mtu, mwanangu. Likisinyaa udi nitautia wapi? Wewe endelea na maneno yako.

SWALEH: Haya. Tuko Lamu, mtaa wa Mkomani, darini kwa shangazi Zuhura, na upepo wa kaskazi leo umegoma kabisa. Kuna msikilizaji wa Shela ametuletea ujumbe. Anasema ana mwezi mzima hapati hata lepe la usingizi. Amekunywa mchaichai, amefukiza udi, amejipaka mafuta ya habasoda utosini. Anauliza ajaribu nini sasa.

BI ZUHURA: Ni mwanamume?

SWALEH: Mwanamume.

BI ZUHURA: Baada ya isha anakaa wapi?

SWALEH: Hilo hakuandika.

BI ZUHURA: Hakuandika kwa sababu analijua. Yuko barazani, muuza kahawa na dele lake hapo mbele. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tano, na kipande cha halua. Kisha anarudi nyumbani kumwambia mkewe godoro lina joto.

SWALEH: Umemmaliza! Lakini hesabu yako iko sawa. Kafeini haitoki upesi. Kwa mtu mzima wa kawaida, saa tano hivi baada ya kunywa, nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha saa tatu usiku, ikifika saa nane bado unayo nusu yake. Vile vikombe vya barazani ni vidogo, kweli, lakini nani anaishia kimoja?

BI ZUHURA: Na wa miraa je?

SWALEH: Anayetafuna miraa au muguka jioni halafu atuulize dawa ya usingizi, huyo anatupotezea saa.

BI ZUHURA: Sasa tumfikirie kwamba hanywi wala hatafuni. Mimi namwambia asumini. Lakini si mafuta ya chupani, maana siku hizi kila chupa imeandikwa asumini na ukifungua unasikia sabuni. Namwambia maua yenyewe. Unachuma baada ya alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba. Vikishafunguka umechelewa. Unaviweka katika kitambaa kibichi, unatunga kwa sindano na uzi, unalaza juu ya mto. Usiku vinafunguka vyenyewe. Utasikia harufu inakuja kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi bila viatu.

SWALEH: Na inakulaza kweli?

BI ZUHURA: Mimi hunilaza. Nikisikia asumini namuona mamangu anatandika shuka. Nishalala.

SWALEH: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mnajua mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitaharibu utamu kidogo. Harufu ina njia yake ya mkato. Sauti na mwanga hupita kwanza kituo fulani cha ubongo kabla ya kusambazwa, lakini harufu haipiti huko kwanza, inakwenda karibu moja kwa moja sehemu zinazoshika kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana shangazi hakumfikiria mamake, amemuona. Mwili wake umejifunza miaka yote hiyo kwamba asumini maana yake siku imekwisha.

BI ZUHURA: Kwa hiyo ua halina kazi?

SWALEH: Lina kazi, ila sidhani ni kazi ya kidonge. Mtu ambaye hajawahi kulala na asumini, usiku wa kwanza atapata harufu nzuri tu. Tofauti kidogo ni lavanda, ua jingine la manukato. Ujerumani wanauza kidonge cha mafuta yake, miligramu 80, kwa watu wenye wasiwasi na kukosa utulivu, na mtu akitulia usingizi nao husogea. Ndani yake mna kitu kinaitwa linalooli, na rihani zetu nazo zinacho.

BI ZUHURA: Ahaa! Kikuba, kile kifundo cha rihani na asumini.

SWALEH: Usiruke bado. Kuwamo si sawa na kutosha. Na ubani: mwaka 2008 watafiti walichukua kemikali moja kutoka kwenye utomvu wa ubani wakawapa panya, panya wakapungua wasiwasi. Panya, shangazi.

BI ZUHURA: Panya wa Lamu hawana wasiwasi hata bila ubani. Juzi mmoja kanipita jikoni mchana anatembea.

SWALEH: Na mchaichai, hili litakuuma. Mwaka 1986 kule Brazil walichapisha utafiti. Kwao mchaichai ni chai ya kutuliza kama hapa. Wakawapa watu chai yenyewe, na wengine chai isiyokuwa ya mchaichai. Hawakuona tofauti ya usingizi.

BI ZUHURA: Basi hawakuinywa hapa darini.

SWALEH: Lakini ndiyo hoja! Wewe ukinywa mchaichai unafanya nini?

BI ZUHURA: Nakaa. Nimeoga, nimezima taa kubwa, simu iko chini inalia peke yake. Nakunywa taratibu mpaka kikombe kinapoa.

SWALEH: Na kuoga vilevile kumo. Maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala humsaidia mtu asinzie mapema, kwa sababu ukitoka ngozi inatoa joto na mwili unapoa ndani. Mwili hulala ukiwa unapoa. Msikilizaji wetu anaweza kudhani maji ya moto katika kaskazi ni wazimu, lakini ajaribu.

BI ZUHURA: Waeleze ya kungumanga.

SWALEH: Shangazi!

BI ZUHURA: Waeleze, au niwaeleze mimi na nizidishe.

SWALEH: Haya. Nilikuwa nafanya zamu za usiku, usingizi wa mchana hauji. Mtu akaniambia maziwa na kungumanga. Kumbe watu hutia chembe tu. Mimi nikaparuza nzima, na nusu ya pili. Nikanywa, nikalala chali nikisubiri. Saa ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Nikasema dawa ya uongo hii. Saa ya nne mdomo umekauka kama nimelamba chokaa, moyo unapiga ngoma, na boriti za dari zinapumua. Wallahi niliziona zinapumua.

BI ZUHURA: Alinipigia simu ananiuliza nyumba ina miaka mingapi.

SWALEH: Siku ya pili jioni ndipo nikarudi kuwa mtu. Kungumanga ina sumu yake, mirisitisini, na gramu tano tu, ambazo ni kama punje moja, zinaweza kumfikisha mtu huko. Inachelewa kuanza, kwa hiyo watu huongeza wakidhani haifanyi kazi. Mimi muuguzi, nimeyasoma haya, na bado.

BI ZUHURA: Mimi natia chembe ya ncha ya kisu katika uji, kwa ladha. Dawa ya usingizi sijaiita kamwe.

SWALEH: Nyingine ni kafuri. Mzazi asimpe mtoto mchanga kwa mdomo wala asimpake karibu na pua, hata kidogo. Ikiingia tumboni huleta degedege. Na mafuta haya ya harufu ya chupani yanayouzwa sana siku hizi si ya kunywa, hata kama dukani wameandika ni ya asili.

BI ZUHURA: Sasa udi. Mbona waniangalia hivyo?

SWALEH: Kwa sababu chetezo kiko miguuni mwangu.

BI ZUHURA: Tuko darini, wazi kila upande.

SWALEH: Ndiyo, hapa hakina neno. Nataka kumwambia yule wa Shela. Amesema anafukiza udi chumbani kisha analala. Je, anakiacha chetezo ndani? Makaa yakiungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na udi ukiwepo ndiyo kabisa hutashuku. Inashika damu mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, na aliyekwisha lala haamki kukisikia hicho kichwa.

BI ZUHURA: Lakini wazee wetu walifukiza maisha yao yote.

SWALEH: Nyumba zao zilikuwaje?

BI ZUHURA: Kiwanda, ule ua wa ndani, wazi katikati, dari ndefu, milango haibani. Upepo unaingia huku unatokea kule.

SWALEH: Na chumba cha leo?

BI ZUHURA: Dirisha la kioo, feni, na tambara chini ya mlango mbu wasiingie. Lahaula. Hilo sikulifikiria. Tena, ukiangalia vizuri, hata sisi hatukulala na chetezo. Mamangu alifukiza shuka na nguo baada ya magharibi, akakitoa kiwandani, makaa akayazima kwa mchanga. Ulikuwa unalala ndani ya harufu, moshi umeshakwenda. Hawa wa kukiweka pembeni mwa kitanda wameyatoa wapi?

SWALEH: Na mwenye pumu hata shuka zilizofukizwa azipishe.

BI ZUHURA: Huyo nimtengenezee kikuba. Rihani, asumini, kipande cha mkadi, kifundo kimoja. Akitundike mbali na pua.

SWALEH: Jambo la mwisho. Yule bwana anasema mkewe analalamika kwamba yeye bwana anakoroma, halafu kimya, halafu anashtuka kama anayezama. Hilo si la udi wala la mchaichai. Pumzi inakatika usingizini, na aende hospitali akaeleze hivyohivyo, na mkewe afuatane naye, maana yeye ndiye aliyeona. Na anayekaa miezi mitatu hivi bila kulala vizuri aende pia. Madaktari wa Marekani tangu 2016 wanasema ianze ile inayoitwa tiba ya mazoea ya usingizi, kabla ya vidonge: saa ileile ya kuamka kila siku, kitanda kiwe cha kulala tu, usingizi usipokuja uinuke.

BI ZUHURA: Uinuke uende wapi?

SWALEH: Ukae kitini, gizani kidogo, mpaka usingizi ukurudie.

BI ZUHURA: Si barazani?

SWALEH: Si barazani.

BI ZUHURA: Hebu nipishe hicho chetezo, nikipeleke kiwandani kabla hujaanza kuumwa kichwa. Na hao punda mtaani, utawakata kwenye kurekodi au utawaacha?

SWALEH: Nitawaacha.