Mafuta yanapochacha ndani ya mshipa

NEEMA: Mbukwenyi! Karibuni tena jamani, tuko Dodoma hapa, upepo wa leo mnausikia wenyewe kwenye maiki mtuvumilie. Mi Neema, niko na kaka yangu Mazengo wa maabara. Leo sina swali la msikilizaji, nina la kwangu, nimekaa nalo tangu mwezi wa sita.

MAZENGO: Mbukwa dada. Lilete.

NEEMA: Baba yangu mdogo alianguka Msalato, mnadani, Jumamosi. Miaka 54, mkulima wa alizeti, mwembamba kabisa, kitambi hana. Sigara ndo alivuta sana, tangu ujana. Wamekaa wanakula nyama choma, binamu yangu ndo alinunua ile sahani, baba mdogo akashika kifua, kijasho chembamba kikamtoka, kabla gari halijapatikana akawa ameshatutoka. Toka siku hiyo ukoo mzima unamwangalia yule binamu kama yeye ndo kaua. Alafu kinachonichanganya, mwaka jana baba mdogo alipima kolesteroli akaambiwa iko kawaida!

MAZENGO: Pole sana dada. Sasa tuanze na hiyo kawaida. Kile kipimo kinahesabu kolesteroli iliyoko kwenye damu, inayopita. Hakikwambii ile iliyokwama ndani ya ukuta wa mshipa imekuwaje. Na iliyokwama ndo yenye kesi.

NEEMA: Imekwamaje?

MAZENGO: Kolesteroli ni mafuta, haiyeyuki kwenye damu, kwa hiyo inasafiri ndani ya vifurushi vidogo sana vinaitwa LDL. Baadhi vinapenya ukuta wa ateri, vinanasa kwenye nyuzi za mle ndani, havitoki. Sasa we ukipita barabara ya Singida si unaona alizeti inauzwa kwenye chupa za plastiki, zimepangwa juani?

NEEMA: Kila siku. Na ukinunua iliyokaa sana inanuka kama rangi ya ukutani.

MAZENGO: Ndo kuchacha kwenyewe huko. Oksijeni imeyashambulia mafuta. LDL ina mafuta ya jamii hiyohiyo ya alizeti, imebeba na vitamini E yake ya kuilinda, na ikiwa kwenye damu iko salama maana walinzi ni wengi. Ikinasa ukutani siku na siku vitamini E inaisha, kinachofuata ni kama moto kwenye nyasi kavu, mafuta yanaharibika moja linaambukiza jingine mpaka linafikia kolesteroli yenyewe. Hapo inageuka vitu vinavyoitwa oksisteroli. Mkorofi anayejulikana zaidi anaitwa 7-ketokolesteroli, kwenye mishipa iliyougua wanamkuta kwa wingi.

NEEMA: Na huyo ndo anaua seli? Nieleze polepole, anaiuaje.

MAZENGO: Seli ina ngozi yake, utando. Kolesteroli nzima inakaa vizuri kwenye ule utando, inauimarisha, ndo maana mwili wenyewe unaitengeneza, sio adui. Hii iliyoharibika ina oksijeni ya ziada imejichomeka, haikai sawa, utando unavurugika, kalsiamu inaingia ndani kwa wingi kuliko inavyotakiwa. Mitokondria, zile injini za seli, zinapoteza chaji, zinaanza kuvuja, na kinachovuja kinaamsha vimeng'enya vinavyoikatakata seli kutoka ndani. Yaani seli inajivunja yenyewe, wanaita apoptosisi. Zinakufa za tabaka la ndani linalogusana na damu, zinakufa za misuli laini, na zinakufa za askari wetu wa kinga ya mwili, makrofeji.

NEEMA: Askari nao?

MAZENGO: Hapo ndo panaponiumiza mimi kila nikisoma. Askari anakuja kusafisha. Seli ya kawaida ikishatosheka na LDL inapunguza milango yake, wanasayansi wa Marekani, Brown na Goldstein, walipewa Nobel mwaka 1985 kwa kugundua huo utaratibu. Lakini LDL iliyochacha inaingia kwa milango mingine, ya kupokea takataka, na ile haifungi hata askari akishiba. Anakula, anakula, anajaa mafuta mpaka kwenye hadubini anaonekana kama povu, na jina lake ndo hilo, seli povu. Mwisho anakufa palepale na mzigo wote unamwagika. Wanakuja askari wengine kumzoa, nao wanakula sumu ileile.

NEEMA: Mungu wangu. Kwa hiyo lile lundo...

MAZENGO: Lile lundo katikati linakuwa uji wa seli zilizokufa na fuwele za kolesteroli, juu limefunikwa na kifuniko cha nyuzi. Wanaofuma hicho kifuniko ni seli za misuli laini, na si nimekwambia nao wanakufa? Kifuniko kinakonda. Siku kikichanika, damu inakutana na ule uji, inaganda dakika hiyohiyo, mshipa unaziba.

NEEMA: Ngoja. Imechukua muda gani kufika hapo?

MAZENGO: Miaka mingi dada. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa taarifa ya wanajeshi 300 waliokufa vita vya Korea, wastani miaka 22, na zaidi ya robo tatu yao mishipa ya moyo ilikuwa tayari imeanza kubadilika. Vijana wazima kabisa! Na moshi wa sigara unaharakisha kuchacha, sukari kubwa kwenye damu nayo hivohivo, presha inaumiza ukuta.

NEEMA: Na yale mafuta ya chips ya vibandani, meusi, yanarudiwa wiki nzima mpaka ukingo wa karai umeshika gundi ya kahawia?

MAZENGO: Ile gundi ni mafuta yaliyooksidika yakashikana, hata steelwool inahangaika. Alizeti yenyewe haina kolesteroli, ila kuku na mayai vinayo, ukivikaanga humo inaharibika kabla hujala. Mi siyali na wanangu siwapi. Ila kolesteroli nyingi inayoua seli inaharibikia mlemle ukutani, kwa hiyo dawa kubwa ni kupunguza LDL inayoingia, ndo kazi ya vidonge vinavyoitwa statini, na kuacha sigara.

NEEMA: Si tumeze tu vitamini E?

MAZENGO: Walijaribu. Utafiti wa HOPE, mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000, miaka minne na nusu hivi, vidonge vya vitamini E havikupunguza shambulio la moyo. Nilivunjika moyo niliposoma, maana kimantiki ingefaa, lakini ndo hivo.

NEEMA: Kaka, nirudi kwa baba mdogo. Ile nyama ya Msalato.

MAZENGO: Kilichomziba kiliganda dakika zile. Kilichochanika kilikuwa kinaoza ndani tangu binamu yako yuko shule ya msingi. Sahani moja haijengi kitu kama kile.

NEEMA: Mwezi wa sita mpaka leo hajaja nyumbani kwa bibi. Tukizima hii maiki nampigia.