Goti limejaa na haliumi

Jamani mbukwenyi! Haya. Nimeombwa niongelee kiungo kuvimba bila maumivu, na itabidi nianze na goti langu mwenyewe maana mganga hajigangi, mwaka juzi hili la kushoto lilijaa nikakaa nalo miezi 3, natembea, napanda boda, naenda shamba, haliumi basi halina shida, mpaka siku moja nimevaa kaptula mke wangu akaniuliza, baba nanii, hilo goti ni lako au umeazima?

Ndo kosa letu. Jino likiuma usiku tunaamsha nyumba nzima, ila goti likivimba kimya kimya tunalikanda na maji ya chumvi, mwingine anachanjwa, mwingine anasema katupiwa kitu na jirani.

Goti zima lina ute kidogo sana ndani, kijiko cha chai hakijai. Likichokozwa, ile ngozi laini ya ndani inamwaga maji kuliko yanavyonywewa, ndo uvimbe wenyewe. Kazi ni kumjua mchokozi.

Mafundi tailizi, na Dodoma hii kila kona kunajengwa mko wengi, nyie mnapiga magoti kutwa, uvimbe wenu mara nyingi unakaa mbele kabisa juu ya pia ya goti kama nusu limau, hicho ni kifuko cha chini ya ngozi, goti lenyewe halina shida. Tafuta sponji upigie magoti. Kikiwa chekundu na cha moto, hospitali.

Maji ya ndani ya goti yanajaa juu ya pia na pembeni, ukiibonyeza pia inazama afu inagonga mfupa, unaisikia kabisa. Kwa umri wangu mara nyingi ni gegedu, ule mto laini wa kwenye ncha za mifupa, limelika, na langu lilikuwa hilohilo.

Ila kuna wawili mimi nawaogopa. TB, watu wanajua inakaa kifuani tu, kumbe inaingia hata kwenye goti au nyonga, kiungo kimoja, polepole miezi na miezi, hakina moto sana na wala hukohoi. Chukua tepu ya fundi cherehani upime mapaja yote mawili, shubiri moja juu ya pia, la upande wenye uvimbe likiwa limekonda usisubiri. Dawa za TB ni bure.

Wa pili kisukari. Neva za miguu zinakufa ganzi, mfupa unavunjika na mtu anaukanyagia tu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliandika habari za viungo hivi mwaka 1868, enzi hizo ilikuwa kaswende iliyofika uti wa mgongo, leo kisukari ndo kinaongoza. Nilimpokea mama mmoja, mguu umevimba una joto kuliko mwenzake, eksirei inaonyesha mifupa ya katikati imesagika, namwambia mama mguu umevunjika ananiangalia kama nimechanganyikiwa, "mbona nimekuja natembea?" Alikaa na plasta miezi. Mwenye kisukari, mguu mmoja ukivimba una joto, acha kuukanyagia na uende siku hiyohiyo.

Sasa sindano. Daktari akisema tuvute maji msikimbie, ila ulizeni yanaenda maabara au yanamwagwa, maana kuyavuta bila kuyapima goti linajaa tena na hamjajua kitu. Maji mazuri ni ya njano angavu, weka gazeti nyuma ya bomba la sindano unasoma herufi. Yakiwa na ukungu husomi. Maabara wanahesabu seli nyeupe kwenye milimita 1 ya ujazo, chini ya 200 ni kawaida, zikipita 2,000 kuna kitu kinawaka humo, zikipita 50,000 tunahofia bakteria mpaka tuhakikishe siyo. TB ikioteshwa maabara majibu yanaweza kuchukua wiki 6 mpaka 8, sasa wewe unakasirika siku ya pili unaenda kwa jamaa wa duka la dawa anakuchoma steroidi gotini, dawa inayotuliza uvimbe ila inashusha kinga, uvimbe unapungua unafurahi, na kama ilikuwa TB umeilimia shamba.

Na kulitoboa nyumbani na pini, nawajua mpo, hapana kabisa.

Mama wa kanga ya njano umenyoosha mkono tangu naongelea tepu, karibu mama, uliza.