Mithun katuharibia kipindi

REHEMA: Haya tumerudi, mimi na huyuhuyu mnayemjua, leo kaja na soda moja na anakunywa peke yake.

SHAIBU: Si ulisema umefunga sukari?

REHEMA: Achana na mimi. Wiki hii choo cha shangazi kilijaa, wakaja vyura, wale vijana wa kutapisha vyoo, wamemaliza wakaomba maji. Shangazi kawapa vizuri tu, walivyoondoka kikombe kakitupa jalalani. Kizima!

SHAIBU: Mh.

REHEMA: Ndo nikasema leo tuongelee Dalit, wale wa tabaka la chini kabisa India wanaoonwa najisi, kwenye hadithi za Kiodia, maana kule Odisha, jimbo la India, hicho kikombe ni mfumo kabisa, mtu anazaliwa nao, mama mzoa vinyesi na mtoto hivyohivyo. Gopinath Mohanty aliandika Harijan 1948, mama yake Puni anabeba kinyesi cha watu na hataki hata kusikia mwanae anaishika hiyo kazi, sasa…

SHAIBU: Hiyo riwaya bwana. Tuanze na hadithi fupi, Shikar ya Bhagabati Charan Panigrahi, ile aliyocheza Mithun, yule wa sinema za Kihindi.

REHEMA: Mithun kafikaje hapa jamani!

SHAIBU: Si ndo filamu yake ya kwanza! Mrigayaa, 1976, imetoka kwenye hiyo Shikar, kaiongoza Mrinal Sen, na tuzo ya taifa akabeba. Nyie mnamjua wa Disco Dancer tu, kiuno na suruali inayometa.

REHEMA: Na Ghinua wa kwenye Shikar si Dalit, ni Adivasi, wenyeji wa asili wa kule. Sensa ya 2011 pale Odisha Dalit kama asilimia 17, Adivasi karibu 23, watu tofauti.

SHAIBU: Ila dharau ni ileile. Jamaa ni mwindaji, akiua mnyama mkali anampelekea bwana mkubwa anapewa bakshishi, sasa siku hiyo kapeleka kichwa cha mwenye ardhi, mnyama kuliko wote, anasubiri chake. Anaishia kitanzini. Nani mjinga hapo, yeye au mahakama?

REHEMA: Yeye, ndo alivyochorwa! Mtu mzima asijue kuua mtu ni kesi? Wakiandikwa na watu wa juu wanageuzwa watoto, moyo safi, halafu wanakufa. Msome Akhila Nayak, Dalit mwenyewe, Laltu wa kwenye riwaya yake Bheda anawabishia wakubwa wa kijiji.

SHAIBU: Bheda ya 2010! Kabla ya hapo Mohanty angenyamaza?

REHEMA: Nani kasema anyamaze? Nasema mnamsoma yeye mnafunga kabati.

SHAIBU: Mi Ghinua namuona kawaumbua wote mle ndani. Sibadiliki.

REHEMA: Wala mimi.

SHAIBU: Ungemuona Mithun anavyotembea na ule upinde…

REHEMA: Shaibu! Tulipanga kuongelea wanawake wa Kidalit wanaoandika, na tafsiri, ona sasa, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili.

SHAIBU: Dakika mbili zinatosha wimbo mmoja.

REHEMA: Usiuweke. Fundi, asiuweke huyo. Fundi!